Mbao ya Fizi, tablete ya ng'ambo: kazi gani inabaki kwetu?

Ukipita kwenye ateliye za mbao hapa Baraka, utaona vitanda, milango, meza na madirisha. Chini kuko mabaki: vipande vya mbao ngumu, vifupi kama mkono, ambavyo mara nyingi vinaishia kwenye moto wa kupikia. Wakati huohuo tablete zinaongezeka. Mashirika yanaandikia wakimbizi wa vita ndani yake, waganga wanahesabia watoto wa chanjo. Nyingi ziko ndani ya kifuniko cha plastiki kilichotoka mbali. Juu ya nini kipande kile kisitoe kifuniko hiki?

Tusiseme ni jambo dogo. Ndani ya vifaa hivi kuko tantali, metali inayotoka kwenye koltani, na sehemu kubwa ya koltani ya dunia inachimbwa Congo, kama kule Rubaya, Masisi. Inatoka ikiwa jiwe, inarudi ikiwa mashini ya bei kali. Mbao nayo inafuata njia ileile: tunaiuza tupu, na faida inakaa kwa yule anayeitengeneza.

Wengine walishaona kwamba sanduku ni nusu ya kazi. Mwaka 2015, kampuni ya BRCK ya Kenya ilitoa Kio Kit, tablete 40 za shule ndani ya sanduku moja gumu. Mwaka uleule, Vodafone Foundation ilionyesha sanduku la kilo 52 lenye tablete 25 na projekta, kwa shule zisizo na umeme. Sanduku njo linabeba, linafunga kwa kufuli, na linachaji zote pamoja. Seremala wa Baraka hawezi kutengeneza tablete. Lakini sanduku la mbao lenye nafasi ya kila tablete, tundu za waya na kufuli, hilo anaweza.

Lakini tusidanganyane, kazi iko na masharti yake. Mbao mbichi toka pori itajikunja na kupasuka; kifuniko kitabana kioo ao kitalegea. Hapo mabaki ya milango yana faida, sababu mengi yalishakauka. Pili, mbao haipitishi joto vizuri: tablete inayochaji inahitaji nafasi ya kupumua nyuma. Tatu, mbao tupu ikianguka inapeleka kishindo moja kwa moja kwenye kioo. Lazima sifongo ao kitambaa kizito ndani. Tena tablete haziko kipimo kimoja, kwa hiyo fundi apime kila moja, tundu la chaji na la kamera pia.

Shida kubwa iko kwenye soko. Mwanafunzi mmoja atanunua kifuniko kimoja. Wanunuzi wakubwa ni mashirika na shule, na mara nyingi tenda zao zinaandikwa mbali, kwa masharti ambayo ateliye ndogo isiyo na karatasi haiwezi kujaza. Tangu M23 iingie Bukavu Februari 2025, kuleta vitu toka kule kumekuwa kugumu zaidi. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kuagiza hapa karibu, vile wanaagizaga madawati.

Na pori? Kodi ya misitu ya 2002 inadai ruhusa kwa kukata mti wa biashara, na Itombwe ni hifadhi tangu 2006. Vifuniko visiwe sababu ya kuangusha miti mipya. Tuanze na mabaki.

Maseremala wa Fizi wanaweza kuungana, wafanye sanduku moja la mfano, walipeleke kwa mkuu wa shule na kwa mashirika. Nao wanunuzi, mbele ya kuagiza plastiki ng'ambo, wapite kwanza kwenye ateliye za hapa. Kama kazi iko nzuri, walipe bei yake. Kijana akilipwa kwa kazi ya mikono yake hapa, hana haja ya kwenda kuitafuta kwenye machimbo ya Misisi.