Kufunga mfuniko si kuzima laptopu

Wauzaji wenzangu, hili ni la wale wanaotumia laptopu za mtumba zenye Linux, iwe Ubuntu au Mint. Ushauri unaozunguka kila siku ni mmoja: "Weka Power Saver, betri itadumu." Sipingi. Inapunguza kasi ya prosesa, na kwa kujibu wateja WhatsApp na kujaza daftari la oda inatosha kabisa. Ukiwa unakata video ya bidhaa rudi Balanced, la sivyo utasubiri mpaka uchoke. Mwanga wa skrini nao upunguze, unakula chaji sana.

Ila hasara kubwa naiona inatokea laptopu ikiwa imelala, siyo tukiwa kazini.

Kuna muuzaji wa kamba wakavu hapa Masoko alifunga mfuniko usiku, daftari la oda liko wazi, halijahifadhiwa, chaja imechomekwa. Umeme ukakatika. Asubuhi laptopu imekufa kabisa, na basi la Dar halimsubiri mtu akumbuke nani alilipia kilo mbili na nani nusu. (Gesi ya Songo Songo inatoka wilaya hii hii yetu tangu 2004 kwenda kuzalisha umeme Dar, lakini hayo tuyaache.)

Kwenye Linux, kufunga mfuniko kwa kawaida ni Suspend, yaani kulala. Na kulala kuko kwa namna mbili. Kuna deep: karibu kila kitu kinakatiwa umeme, inabaki RAM ikishikilia kazi yako. Betri nzima iliyojaa inaweza kuvumilia hata siku kadhaa. Halafu kuna s2idle: mashine inasinzia tu, vifaa vimepumzika lakini havijazimwa. Hii mara nyingi inakula zaidi, na betri iliyochoka inaweza isifike asubuhi. Kwa zote mbili, chaji ikiisha, kilichokuwa RAM kimekwenda.

Kujua yako ni ipi, fungua terminali uandike:

cat /sys/power/mem_sleep

Neno lililo kwenye mabano ya mraba ndilo linalotumika. Ukiona "[s2idle] deep", maana yake deep ipo ila imekaa bure. Hifadhi kazi zako kwanza, kisha ijaribu:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Ilaze, iamshe. Ikigoma kuamka, izime kwa kubonyeza kitufe muda mrefu; ukiiwasha inarudi kama zamani. Ukiona s2idle peke yake usihangaike, laptopu nyingi za miaka ya karibuni ziko hivyo.

Kwa usiku wa huku kwetu mimi niko upande wa Hibernate. Inaandika kila kitu kwenye diski halafu inazima kabisa. Umeme ukatike hata wiki, oda zako zipo. Shida yake ni maandalizi: Ubuntu haikuwekei kwenye menyu, inahitaji swap yenye nafasi ya kubeba kilichomo kwenye RAM, na Secure Boot ikiwa imewashwa mara nyingi inakataa. Hiyo ni kazi ya fundi, na pesa yake si ya kuionea uchungu. Ila ajaribu mbele yako. Afungue daftari, aandike systemctl hibernate, achomoe chaja, aiwashe tena. Daftari likirudi lilivyokuwa, mlipe.

Asiye na fundi, azime kila usiku. Najua mnapenda kufungua mfuniko na kukuta kila kitu kama mlivyokiacha, lakini kwa laptopu yenye SSD kuwasha ni muda mfupi tu, chai haijapoa.

Jaribuni hiyo amri ya kwanza leo, kisha andika hapa chini imekuletea nini na laptopu yako ni aina gani.