Mapambo ya jina yasimfungie mtu nje

Ndugu mwandishi, katika makala yako umeeleza vizuri namna ya kunakili alama za kupamba jina la mchezaji, lakini hukusema zinatoka wapi, na hapo ndipo penye utamu. Yale mabawa ꧁ ꧂ ambayo wachezaji wa mchezo wa simu wa Free Fire huyabandika pande mbili za jina ni mapambo ya maandishi ya Kijava, kule Indonesia. Yaliingizwa kwenye Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, mwaka 2009. Herufi zenye madaha kama 𝓐 na 𝓑 ziliwekwa kwa ajili ya hisabati. Ndiyo maana baadhi ya programu zinazowasomea wasioona huzitaja moja moja kama alama za hesabu, au huziruka kabisa. Mwenzetu asiyeona analikosa jina lako! Hilo linaniuma kweli.

Vijana wangu, pambo moja linatosha. Jina lenyewe ndilo libebe uzito: Kimbunga, Nyangumi, Radi. Anayetaka kukualika kikosini lazima aweze kuliandika. Akishindwa, mpe namba yako ya mchezaji. Na kabla ya kutumia almasi za mchezo kubadili jina, litume kwanza kwa rafiki mwenye simu ya zamani. Herufi zikigeuka visanduku vitupu, tafuta nyingine.