Matofali ya Kompyuta Yaingie Kwenye Baraza la Mtaa

Mhandisi akitandaza mchoro wa soko jipya mbele ya wakazi, wanaofungua kinywa mara nyingi ni wale wale: diwani, mwalimu mstaafu, mwenye duka kubwa. Mama muuza mboga anaitazama ile mistari, anatia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, anarudi kwenye biashara yake. Kwenye makaratasi, ameshirikishwa. Katiba ya Kenya ya 2010 imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala, na Tanzania ina mikutano mikuu ya vijiji na ya mitaa. Lakini nani atakosoa mchoro asioweza kuusoma?

Njia mojawapo ya kuondoa kikwazo hicho imekwisha kujaribiwa jijini Nairobi, nayo ilitoka mahali ambapo maofisa wengi wasingeenda kuitafuta: kwenye gemu ambayo wazazi huwakataza watoto wao kuicheza usiku.

Gemu hiyo ni Minecraft. Mnamo Mei 2009 Markus Persson, mtengeneza programu wa Uswidi aliyekuwa bado na ajira yake, aliitoa kwenye intaneti ikiwa mbichi. Umbo lake la dunia ya vipande vya mraba lilitokana kwa kiasi kikubwa na Infiniminer, kazi ya Mmarekani Zachary Barth, na Persson hakulificha hilo. Hakuwa na kampuni kubwa mgongoni wala fungu la matangazo. Aliuza gemu isiyokamilika kwa takriban yuro 10, akasikiliza malalamiko ya wachezaji, akarekebisha, akaongeza. Januari 2011 wanunuzi walipita milioni 1, na toleo kamili lilikuwa halijatoka. Lilitoka Novemba mwaka huo. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua Mojang, kampuni aliyoianzisha na wenzake, kwa dola bilioni 2.5 za Marekani. Kufikia Oktoba 2023 nakala zilizouzwa zilikuwa zimevuka milioni 300.

Kazi ya namna hiyo ilihitaji mtu asiye na bosi wa kumuuliza, "Sasa mchezaji anashindaje?" Matoleo ya mwanzo hayakuwa na ushindi wowote. Mchezaji alikuta ardhi, akachimba, akajenga. Watengenezaji wengine wa kujitegemea wameifuata njia hiyo hadi mwisho. Townscaper, gemu ya Oskar Stålberg iliyokamilika mwaka 2021, humpa mchezaji bahari tupu na rangi za kuchagua: akibofya, nyumba inaota juu ya maji, na akiongeza nyingine, zinajipangia zenyewe matao, ngazi na bustani. Hakuna pesa, hakuna saa, hakuna adui. Tiny Glade ya mwaka 2024, ya kujenga ngome na vijumba vya mawe, imetengenezwa na watu wawili tu.

Utamu wa gemu hizi hauna fumbo. Kosa halina gharama. Kwenye site ya kweli ukuta uliopinda unakula mifuko ya saruji na siku za fundi, lakini hapa tofali lililokaa vibaya linaondolewa kwa kidole. Zaidi ya hapo, katika Minecraft kila kipande ni mita 1 kwa kila upande, na mchezaji anatembea ndani ya alichokijenga kwa kimo cha binadamu. Anajua mlango ni mwembamba kwa sababu amejaribu kuupita, na anajua kona ina giza kwa sababu amesimama pale. Mchoro wa mhandisi unaonwa kutoka juu, kama ndege aonavyo, na wakazi hawaishi huko juu.

Ndiyo maana mwaka 2012 Mojang ilishirikiana na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu Gigiri, Nairobi, kuanzisha mpango wa Block by Block. Miongoni mwa maeneo ya kwanza ulikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Utaratibu wa mpango huo ni mwepesi. Mtaalamu anaijenga sehemu halisi ndani ya gemu kwa kutumia ramani na picha. Wakazi wanakaa watu wawili hadi wanne kwa kompyuta moja, wengine wakiwa hawajawahi kushika kipanya, na kwa siku chache wanabomoa na kujenga: taa hapa, mtaro pale, benchi chini ya mti. Kisha kila kundi linasimama na kuitetea kazi yake mbele ya majirani na viongozi. Wasanifu majengo huchukua yale yaliyokubaliwa na kuyageuza kuwa michoro ya ujenzi.

Huko Les Cayes, Haiti, wavuvi wasiojua kusoma wala kuandika walijenga ndani ya gemu ukuta wa kuizuia bahari, na kundi la wanawake likaweka vyoo vya umma. Watu hao hao wangepewa fomu ya maoni, pengine wangeirudisha tupu.

Wapinzani wana hoja, na baadhi ni nzito. Minecraft haijui uzito: ukiondoa nguzo, ghorofa inabaki inaelea. Haijui bei ya nondo, wala nani ana hati ya kiwanja, wala maji ya mvua ya masika yatapita wapi. Kwa hiyo mhandisi habanduki kwenye kiti chake, na hakuna anayemtaka abanduke. Vijana wepesi wa kompyuta nao wanaweza kuwafunika wazee, na hapo msimamizi ana kazi ya kuhakikisha kipanya kinapita mkono kwa mkono. Hatari kubwa kuliko zote ni ya kisiasa: warsha ifanyike, picha zipigwe, magazeti yaandike, halafu mkandarasi ajenge kile kilichokuwa kimeamuliwa tangu mwanzo.

Suala la gharama ndilo jepesi. Luanti, programu ya gemu za vipande kama Minecraft iliyoanzishwa mwaka 2010 na Perttu Ahola wa Finland kwa jina la Minetest, ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na inatosheka na kompyuta za kawaida zilizounganishwa ndani ya chumba kimoja bila bando. Kwa sababu iko wazi, mtengenezaji wa hapa anaweza kuiongezea mabati, matofali ya kuchoma, vibanda vya mama lishe na mitaro ya kweli, na maelezo yote kwa Kiswahili. Ujuzi haukosekani: Mkenya Wesley Kirinya na Mghana Eyram Tawia walianzisha Leti Arts mwaka 2009 na kutengeneza gemu zenye mashujaa wa Kiafrika, na wapo wengine wengi wanaohangaika kutafuta mteja wa kulipa. Kaunti au halmashauri inaweza kuwa mteja huyo.

Ianze na kitu kidogo, kama uwanja wa shule moja au stendi moja ya daladala. Warsha ifanyike kabla mkandarasi hajatafutwa, wakati mabadiliko bado hayana bei. Wauza mboga, wasukuma mikokoteni na wanafunzi waitwe kwa majina ya vikundi vyao, kwa muda usiogombana na kazi zao. Baada ya hapo ofisi ya mhandisi ibandike kwenye ubao wa matangazo orodha ya mapendekezo yote: lililokubaliwa na fungu lake la bajeti, na lililokataliwa pamoja na sababu yake, iwe ni gharama, ardhi au usalama.