Faragha ni ya Nani?

Kila utawala unaotaka kuliziba gazeti mdomo hutafuta kwanza neno zuri la kuifunika hila yake. Zamani neno hilo lilikuwa usalama. Siku hizi neno linalozidi kupendwa ni faragha. Tunalitazama kwa macho mawili, wala si kwa kuwa tunaidharau faragha. Tunaiheshimu mno hata hatuwezi kunyamaza tukiiona ikigeuzwa kuwa pazia la wakubwa.

Wazee wa makanisa watakumbuka yaliyolipata jarida la Beyond mwaka 1988. Lilikuwa jarida la Baraza la Kitaifa la Makanisa, nalo lilieleza bila kumung'unya maneno jinsi uchaguzi wa mlolongo ulivyovurugwa. Likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, hakushtakiwa kwa kuandika uongo. Alishtakiwa, akahukumiwa kifungo, kwa kutowasilisha taarifa za mauzo ya mwaka chini ya Sheria ya Vitabu na Magazeti. Karatasi za mauzo! Tangu siku hizo, sisi tulio katika kazi ya sheria tumejifunza kutoridhika na jina la sheria, bali kuuliza ni nani atakayeishika mkononi na ni nani atakayechapwa nayo. Sheria iyo hiyo ilirekebishwa mwaka 2002, na dhamana aliyotakiwa kuiweka mchapishaji ikapandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi shilingi milioni 1. Kwa kampuni kubwa hicho ni kiasi cha kulipika. Kwa kijarida cha parokia ni kufungiwa mlango.

Katiba tuliyoipigania na kuipata mwaka 2010 inamlinda mtu katika Kifungu cha 31 ili mambo ya jamaa yake na ya maisha yake ya ndani yasianikwe pasipo lazima. Katika Kifungu cha 33 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na papo hapo inamtaka aheshimu haki na heshima ya wengine. Hakuna kifungu kilichoketishwa juu ya mwenzake. Lakini Kifungu cha 24 kinasema jambo ambalo wengi hulipita haraka: anayetaka kuipunguza haki ya mwenziwe ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha sababu zake mahakamani.

Sasa tuutazame mwezi wa Disemba 2014. Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ya usalama katikati ya vurugu, wabunge wakishikana mashati ukumbini. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichofanya kuwa kosa kuchapisha picha ya mhanga wa shambulizi la kigaidi bila idhini ya Polisi na ya mhanga mwenyewe. Adhabu ilikuwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Msomaji mwema angeweza kudhani kwamba serikali imewahurumia majeruhi. Lakini kama lengo lilikuwa kumhurumia majeruhi, Polisi waliingia kwa mlango gani? Ridhaa ya mwenye jeraha ingetosha. Polisi walitiwa humo kwa sababu picha ya majeruhi huonyesha pia saa ambazo msaada ulichelewa. Mahakama Kuu, wakiketi majaji watano, ilikibatilisha kifungu hicho mnamo Februari 2015.

Na mwezi uo huo wa Februari 2015, serikali iliyokuwa imejivika joho la mlinzi wa faragha ilitoa agizo la rais kwamba yakusanywe majina ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ilibidi watetezi wa haki waende tena kortini, na Disemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilivunja Katiba. Hayo mawili yalitukia ndani ya majuma machache. Mwenye mamlaka alidai pazia kwa ajili yake mwenyewe, na kwa mtoto asiye na mtetezi akataka daftari.

Tungekuwa wanafiki tukidai kwamba magazeti hayana lawama. Baada ya shambulizi la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya waliouawa wakiwa wamelala pale walipoanguka. Wakenya walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Mama hapaswi kupata habari ya kifo cha mwanawe kwa picha ya namna ile. Baraza la Vyombo vya Habari lilidai picha iondolewe na radhi iombwe. Njia hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo ipasayo: msahihisho, radhi, na fidia yenye kadiri kwa aliyeumizwa.

Tunasema yenye kadiri kwa makusudi. Mwaka 2000 waziri mmoja alipewa na mahakama fidia ya shilingi milioni 30 kwa kuchafuliwa jina, na mwaka 2002 akapewa milioni 20 dhidi ya gazeti. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 2013 nayo iliruhusu faini ya hadi milioni 20 kwa kampuni ya habari na 500,000 kwa mwandishi mmoja. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliondoa kosa la jinai la kashfa, nasi tulishangilia, lakini mwandishi anayeogopa kufilisiwa hunyamaza sawasawa na yule anayeogopa pingu.

Neno moja kwa ndugu zetu wa makanisa. Mambo aliyomwambia muumini mchungaji wake, ugonjwa wake, ndoa yake, hayo ni yake, na yeyote atakayeyatoa nje anamdhulumu. Fedha za harambee si zake mtu. Tumesikia kamati zikijibu kwamba hesabu za ujenzi ni mambo ya faragha ya kanisa. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 hulinda habari za mtu binafsi, tena humwachia mwandishi nafasi pale ambapo maslahi ya umma yanadai. Haimlindi mweka hazina dhidi ya waumini waliochanga. Basi mkutano ujao wa kamati, hesabu hizo na zisomwe kwa sauti, shilingi kwa shilingi, na anayetaka kuziandika aachwe aandike.