Duka Halitungi Wimbo

Muungwana aliyewanasihi watunzi na wachoraji wa Mji Mkongwe wasajili kazi zao kwa majina ya biashara, kwa hoja kwamba jina la mtu hufa na la duka hudumu, ametanguliza cheti mbele ya haki. Haki ya mtunzi huzaliwa pale beti zinapoandikwa au rangi inapokauka. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao 1994, haukubali ulinzi huo utegemee usajili, na daftari la hakimiliki, ijapokuwa lina manufaa makubwa mahakamani, ni shahidi tu. Tena mkataba huohuo hupima muda kwa uhai wa mtunzi na miaka isiyopungua 50 baada ya kufa kwake: basi duka, ambalo jina lake ni lakabu tu ya mwenyewe, litahesabiwa uhai wa nani?

Nakiri kwamba klabu ya taarab ya Ikhwan Safaa, iliyoasisiwa 1905, imewapita umri waasisi wake, na klabu ya namna hiyo yastahiki kumiliki haki; lakini imiliki kwa hati aliyoitia saini mtunzi, na jina lake lisifutwe. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, aliporekodi santuri Bombay mwaka 1928, kampuni ilikuwa ya wageni, na Unguja nzima ilijua sauti ni ya nani.

Na siku warithi wa mtunzi watakaposimama mbele ya Kadhi kudai mirathi, cheti chenye jina la duka lililokwisha uzwa kitawasemea nini?