Acheni kikomando chetu

Jumamosi kwenye kikao cha vijana tulibishana juu ya kikomando kuliko hata tunavyobishana juu ya mpira. Kijana mmoja alisema eti hicho ni chakula cha mtu aliyeshindwa na maisha. Dada mmoja anayefanya kazi na shirika fulani akasema sisi wakimbizi wa mjini "hatujui lishe", ndiyo maana kila siku chapati na maharage. Wote wawili nawaheshimu. Wote wawili wamekosea, na dada amekosea zaidi, sababu yeye ndiye anaandika ripoti.

Kwa wenzetu waliofika Kampala juzi: kikomando ni chapati imekatwakatwa vipande, halafu inamwagiwa maharage moto juu. Watu wanasema jina limetoka kwa komando, yule mtu mgumu asiyelalamika. Hapa Naguru huko juu kilimani kuna mageti na mbwa wakali, lakini ukishuka chini Godown kila kona iko na mtu wa chapati.

Sasa hiyo lishe. Ngano ina protini, lakini inapungukiwa na kitu kimoja kinaitwa laisini. Maharage yana laisini nyingi, ila yanapungukiwa na methionini, ambayo ngano inayo. Ukivila pamoja, kimoja kinajaza pengo la kingine. Ndiyo sababu bugali na maharage kwetu Kivu, na wali na dengu kule India, vimelea watoto miaka na miaka kabla hakujachapwa bango lolote la lishe. Kinachokosekana kwenye kikomando ni mboga na matunda. Hilo nakubali kabisa. Weka nyanya mbichi au kabichi juu, kamulia ndimu: vitamini C inasaidia mwili kuchukua ile madini ya chuma iliyo ndani ya maharage. Na chai usinywe papo hapo, maana inaizuia. Semina ingetufundisha hayo ya ndimu na chai tungeondoka na kitu. Tulionyeshwa picha ya samaki, maziwa na parachichi, tukapewa soda na sambusa, tukaweka sahihi, tukarudi nyumbani.

Lakini neno ambalo halikutajwa hata mara moja siku ile ni makaa. Sisi wa Kivu tunasema makala (ya kuwasha, siyo hii mnasoma).

Maharage makavu ambayo hayakulowekwa yanakaa kwenye mbabula saa mbili, mara nyingine zaidi. Mimi naishi peke yangu kwenye chumba kimoja. Nusu kilo ya maharage ni kama elfu mbili, kandebe ka makaa elfu mbili nyingine, bado kitunguu, mafuta, chumvi na maji ya jerikani. Utaniambia yatabaki ya kesho. Friji iko wapi? Na kuyapasha asubuhi, si makaa tena? Mtu wa chapati yeye anapika sufuria moja kubwa, watu hamsini wanakula kwa moto mmoja. Elfu mbili yangu inanipa chapati, maharage yaliyoiva na nafasi ya kukaa. Tangu serikali ilipokataza biashara ya makaa kutoka kaskazini Mei 2023 kulinda miti, hesabu hiyo imekuwa ngumu zaidi kwetu, hata kama miti nayo ina haki yake.

Halafu kuna jambo la hatari. Mtu akibana makaa anatoa maharage kabla hayajaiva. Maharage mekundu yakiwa nusu mabichi yana sumu inayoleta kutapika na kuharisha, lazima yachemke kwa nguvu kwanza. Loweka usiku, mwaga maji yale, ndipo upike, utaokoa moto mwingi. Kwa mama mwenye watoto sita sufuria ya nyumbani inashinda kikomando, sibishi. Mimi nasemea sisi tunaolala wawili watatu kwenye chumba na kutoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta kibarua.

Kuna wanaojibu: "Kama mji ni mgumu, rudini kambini, kule kuna chakula." Ndugu zangu, nimejitolea Nakivale, nimesimama kwenye ile mistari. Kuanzia Julai 2023 WFP waligawa wakimbizi makundi matatu: kundi la kwanza walikuwa wanapata asilimia 60 ya posho kamili, la pili 30, la tatu sifuri. Sifuri ndiyo hiyo mnaturudisha kwake? Sheria ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, na mwenye kuchagua Kampala anajua posho haitamfuata. Tulichagua tukijua. Basi msituhesabie chapati kama vile mmeinunua nyinyi.

Na wewe kijana uliyesema "aliyeshindwa": wiki iliyopita nilikuona pale kwa mtu wa chapati umegeuka ukutani unakula haraka haraka. Geuka huku, kaka, tule.

Dada yangu wa shirika, kwenye ile fomu yenu kuna swali "unakula mara ngapi kwa siku". Ongeza lingine hapo chini: "unapikia nini". Na ile pesa ya bango lingine, muulize kwanza mtu wa chapati kama jiko linalobana makaa lingemsaidia, na kama angekubali kuweka kabichi juu ya kila sahani. Mkiwa pale mwambieni pia aache kutia maharage ya moto kwenye kaveera, ile plastiki haikutengenezwa kwa moto. Mimi siku hizi naenda na bakuli langu. Ananicheka, lakini ananiongezea mchuzi.