Miguu Ivimbapo, Itazame na Shingo

Ndugu msomaji, mara nyingi mzazi hutoka Ngara au Biharamulo akaja kukaa nasi mjini hali amekonda, miguu imevimba na moyo unamwenda mbio. Sisi watoto wake, kwa huruma, hukimbilia duka la dawa kumnunulia vidonge vya kukojoza maji. Baada ya siku chache uvimbe hupungua, nasi tukashukuru. Je, tumemtibu mzazi, ama tumeuficha ugonjwa wake?

Itazame shingo yake. Wazee wengi waliokulia nyanda za juu, mbali na bahari, wana rovu, kwa kuwa udongo na vyakula vya huko vina upungufu wa madini joto. Rovu lililokaa miaka mingi laweza kubadili tabia, tezi ikatoa homoni kupita kiasi. Mgonjwa hula lakini hukonda. Hutokwa na jasho wenzake wakiona baridi. Mikono humtetemeka na usingizi humpaa. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipoenea, waganga wa Kivu, Kongo, na wa Zimbabwe waliona wagonjwa wa namna hiyo wakiongezeka. Hata hivyo chumvi hiyo tusiiache, kwani huwakinga watoto na udumavu wa akili.

Homoni ikizidi, moyo hufanyishwa kazi usiku na mchana pasipo mapumziko. Mwishowe huchoka, na maji yakajaa miguuni na mapafuni. Vidonge vya kukojoza, kama furosemaidi, huyapunguza maji hayo, na daktari huvitumia kwa kipimo. Lakini haviiponyi tezi. Tena huondoa potasiamu pamoja na mkojo. Nayo ikipungua mno, mapigo ya moyo uliokwisha kuvurugika huharibika zaidi, na misuli ikalegea. Ndizi na maharage yana potasiamu, lakini sahani ya ndizi haiwezi kushika mahali pa kipimo cha damu.

Dawa ya kuituliza tezi ipo: kabimazoli. Propranololi hupunguza mbio za moyo, ingawa mwenye pumu haimfai. Wengine hupasuliwa, au hupewa iodini ya mionzi. Anayetumia kabimazoli akipata homa na maumivu ya koo, aache dawa na arudi hospitali siku ile ile, maana chembe nyeupe za damu zaweza kuwa zimepungua.

Basi, aliye Ngara aende Murgwanza, wa Biharamulo aende hospitali ya wilaya, na ikibidi wapewe rufaa ya Bugando, Mwanza. Nasi tulio mjini tumpeleke mzazi kwa daktari pamoja na vidonge vyote anavyomeza, na tuseme wazi kwamba ana rovu. Akihema kwa shida akiwa amelala, tusingoje kupambazuke.

Fedha ya vidonge ni ndogo, ndugu msomaji. Lakini siku tunazopoteza tukivitegemea vidonge hivyo peke yake ni siku za uhai wa mzazi.